Karatasi ya Daktari Asiyekuwepo

Usiku wa mwisho kule Njombe sikulala. Mizigo ilikuwa tayari, tikiti ilikuwa mfukoni, na baridi ya Njombe ilikuwa ileile ya siku zote. Kilichonikosesha usingizi ni swali moja: nimwambie mama ukweli, au nimpelekee karatasi?

Mmeniuliza, ndugu, majirani na marafiki, mmoja baada ya mwingine, ilikuwaje nikafika Goma nimekonda vile, na kwa nini siku ya kufika nyumbani kwetu kulisikika kelele badala ya vigelegele. Nimeshindwa kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nawaandikia wote. Lakini lazima nianze na hiyo karatasi.

Mnajua kwamba nilikwenda Tanzania kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari, mkataba wa miaka miwili. Vita vilipoingia mjini kwetu, mimi nilikuwa darasani kule kusini, nikisikiliza milio ya risasi kwenye ujumbe wa sauti wakati wa mapumziko, kisha narudi ubaoni. Mama alisalimika, nyumba ilisalimika. Miezi michache baadaye akapimwa, akaambiwa ana sukari, akapewa vidonge.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, hilo hamhitaji kuambiwa. Kwa kuwa sikuweza kuvuka mpaka kumwona, nilisoma. Nilisoma kila nilichokipata juu ya chakula. Niliacha sukari, nikaacha wali, nikaanza kupima ukubwa wa viazi kwa macho kabla ya kuvila. Wanafunzi wa klabu ya afya waliniogopa, wakawa wanaficha biskuti wakiniona. Kisha nikaanza kumtumia mama ushauri: aache bugali, yaani ugali wetu wa muhogo, aache wali, aache ndizi, aache chai ya sukari, na asitie kitu mdomoni mpaka saa sita mchana.

Mama yangu anauza vitenge katika soko la Birere na hajawahi kupokea amri ya chakula kutoka kwa mtoto wake wa kumzaa. Jibu lake la kwanza lilikuwa hili: "Salima, miye njo nilikunyonyesha. Leo unanifundisha kula?"

Basi ujumbe wa pili niliuanza hivi: "Mama, kuko munganga hapa, munganga mukubwa sana, amesema..."

Munganga ndilo neno letu la daktari. Hapakuwa na munganga. Palikuwa na mimi, simu, na chumba chenye baridi. Mama alitii siku hiyohiyo.

Siku tatu kabla ya safari, mdogo wangu Aziza alinitumia sauti yake, anahema: "Yaya, mama ameanguka sokoni. Bamemupeleka kituo cha afya, ameamuka, sasa tuko naye nyumbani. Lakini infirmier anasema ale, na mama anakataa. Anasema munganga wa Tanzania alikataza. Infirmier anasema, kama ni vile, aone karatasi ya ule munganga. Kuya nayo, yaya. Usisahau." Yaya kwetu ndiye dada mkubwa, na infirmier ni muuguzi.

Njombe hadi Dodoma

Mama Sanga, mpishi wa shule, alinisindikiza kituoni alfajiri na furushi la vitumbua vya moto. Miaka miwili alikuwa akinitazama nikila nusu ya kiazi, na miaka miwili alikuwa akiumia.

"Mwalimu, safari ndefu. Utakula hivi," akasema.

Nilimshukuru, nikampungia mkono, na basi lilipokunja kona nikampa kondakta furushi lote. Vitumbua ni unga mweupe, sukari na mafuta. Mimi nilikuwa na mfuko wangu: mayai ya kuchemsha, karanga, parachichi mbili ngumu ambazo zingeiva njiani, karoti, na matango manne. Nilijivunia mfuko ule. Nilikuwa nimeandika hata ratiba ya kuula.

Saa nne za kwanza tulipita misitu ya misonobari na mashamba ya chai, na mimi sikuona kitu. Nilikuwa nikihesabu. Kama ameanguka kwa sababu sukari ilipanda, basi ushauri wangu ulikuwa sahihi na hakuufuata vizuri. Kama ameanguka kwa uchovu, basi si mimi. Kama ameanguka kwa njaa... hapo nilikuwa naanza hesabu upya. Baada ya Iringa, mtu wa kiti cha pili aliniuliza kama nina mtu mgonjwa. Nikamjibu hapana, kwa haraka mno, naye akarudi kwenye gazeti lake.

Tulifika Dodoma jua likiwa bado juu. Nyumba ya wageni ilikuwa na meza ndogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilikaa, nikachana karatasi katika daftari la maandalizi ya masomo, nikaanza kuandika. Nilijiambia naandika tu nione ingekuwaje. Juu niliandika "Régime alimentaire", yaani utaratibu wa chakula, kwa herufi kubwa. Nikaorodhesha vilivyokatazwa. Chini nikatia sahihi isiyofanana na jina lolote, yenye mkia mrefu kama za madaktari. Nilipomaliza ilinitisha, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Niliikunja nikaitia ndani ya pasipoti.

Dodoma hadi Kahama

Siku ya pili nilikaa katikati ya watu wawili. Dirishani alikuwa Mzee Simbeye, fundi cherehani aliyestaafu, anakwenda Kahama kumwona binti yake aliyejifungua. Upande wa pili, ng'ambo ya njia ya katikati, alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, Mama Neema, mwenye kikapu kilichojaa soda na keki na biskuti, ambavyo alikuwa akivila tangu tunatoka kituoni. Nilimtazama nikamhukumu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye nilimbusu mkono.

Tulipotoka Singida kondakta alitangaza kwamba kituo cha chakula ni mbele kidogo, nusu saa tu. Mzee Simbeye alitoa kipakiti, akameza kidonge kwa maji, akakirudisha mfukoni.

"Cha sukari," aliniambia, kama mtu anayemtambulisha mwenzake. "Nakimeza, nusu saa nakula, tunaheshimiana."

Dakika kumi baadaye kulitoka mlio chini ya basi, tukaingia ukingoni mwa barabara, na injini ikanyamaza.

Nusu saa ikawa saa nzima. Fundi wa gari alilala chini ya basi, zikabaki kuonekana ndala zake tu. Wanaume walishuka wakasimama kuizunguka injini na kutoa ushauri. Hapakuwa na duka wala nyumba. Palikuwa na mawe makubwa ya rangi ya kijivu na miti mifupi ya miiba. Ndani ya basi joto lilikuwa limekaa kama abiria mwingine. Nikatazama ratiba yangu: karoti saa saba na nusu. Nikaanza kuila.

Mzee Simbeye aliniita Upendo.

"Mimi ni Salima, mzee."

"Upendo, funga mlango huo, kuku wanaingia."

Nikageuka. Shati lake lilikuwa limelowa, na si kwa joto tu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti kama inapiga kinanda. Midomo ilikuwa imepauka. Nilijua jina la hali ile. Nilikuwa nimelisoma, nililiona kwenye ukurasa, upande wa kushoto, chini: sukari ikishuka kupita kiasi. Nililipita siku ile kwa sababu nilikuwa natafuta habari ya sukari kupanda.

Nilifungua mfuko wangu. Mayai. Karanga. Parachichi ngumu. Matango. Chakula bora kabisa ndani ya basi lile, na hapakuwa na hata tone la sukari ndani yake. Vitumbua vya Mama Sanga vilikuwa tumboni mwa kondakta wa jana. Nikakata kipande cha tango, jamani, nikakipeleka mdomoni kwa mzee.

"Wewe binti, toka na matango yako!" Mama Neema aliinuka na chupa ya soda tayari imefunguliwa kwa meno. "Mtu anazimika unampa kachumbari? Sogea! Baba, kunywa. Taratibu. Kunywa tena."

Alimnywesha kidogo kidogo, huku akimshika shingo. Kisha akamvunjia keki. Abiria waliinuka vitini kututazama. Baada ya robo saa hivi mzee alitazama huku na huku, akaniona, akaona tango mkononi mwangu.

"Kuku wametoka?" akauliza, naye akacheka mwenyewe, kwa aibu. Basi zima likacheka, na mimi nikaanza kulia.

Mama Neema alidhani nimeogopa, akanipa biskuti. Nilikula pakiti nzima. Hapo ndipo nilipombusu mkono, naye akaufuta kwenye kanga akisema, "Haya, haya, mwalimu, umechanganyikiwa."

Mzee Simbeye alipopata nguvu nilimuuliza, kwa sauti ya chini: mtu mwenye vidonge kama vyake, akiambiwa asile mpaka mchana, aache na ugali na wali na ndizi, itakuwaje?

"Nani kamwambia?"

"Daktari."

"Hapana," akasema. "Daktari aliyekupa dawa hii hakuambii hivyo. Anakupunguzia ugali, hakunyang'anyi. Dawa hii inashusha, mwanangu. Inashusha ulichokula. Usipokula inakushusha wewe."

Injini iliwaka karibu saa kumi. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimekaa na mfuko wa matango mapajani, hesabu yangu imefika mwisho. Mama hakuanguka kwa uchovu. Nilimwangusha mimi, kutoka mbali kiasi kile, kwa sauti ya mtu ambaye hakuzaliwa. Yale yote niliyofundisha juu ya chakula yalikuwa chakula cha mtu asiye na mwili wake mwenyewe, asiye na dawa yake, asiye na kazi ya kusimama sokoni kutwa nzima.

Kahama

Mtandao ulirudi tulipokaribia Kahama. Mngetegemea kwamba nilimpigia mama pale pale nikamwambia yote. Hata mimi nilitegemea hivyo. Nilikuwa nimekwisha kulipata jina lake kwenye simu. Kisha nikakumbuka kwamba mama husikiliza simu kwa spika, mbele ya wanawake wote wa jirani, na kwamba jambo kama hili huelezwa ana kwa ana. Ilikuwa sababu nzuri. Ilikuwa pia woga.

Kwa hiyo nilituma sauti: "Mama, nimeongea na munganga. Amebadilisha. Amesema ule asubuhi, usimeze vidonge bila kula. Hata bugali, kidogo."

Uongo wa pili, safari hii wa kumwokoa. Niliona ni tofauti. Jibu lilikuja wakati nakula chipsi mayai, chakula cha kwanza cha moto kwa siku mbili, na mkono wangu ukabaki hewani.

"Salima, ule munganga wako ana mawazo ngapi? Jana bugali ni sumu, leo bugali ni dawa? Infirmier anasema yake, yeye anasema yake, wewe unanipitishia katikati kama posta. Miye nimechoka. Nitangoja karatasi. Kile kiko kwenye karatasi njo nitafanya."

Nyuma ya sauti yake niliwasikia wanawake wakisema, "Eee, karatasi! Angoje karatasi!"

Nilimpigia Aziza nikamwambia amfiche mama vidonge mpaka nifike, au amlazimishe chai ya maziwa. "Nimuficheje?" akasema. "Anavifunga kwenye kitenge, kiunoni. Na chai anaonja, anatema. Yaya, kuya mbio."

Rusumo hadi Gisenyi

Mjue kwamba ukivuka daraja la Rusumo unaingia Rwanda, magari yanahamia upande wa kulia na saa inarudi nyuma. Nikapewa saa moja ya ziada ya kuwaza.

Niliitumia vibaya. Wazo lililonijia lilikuwa zuri kiasi kwamba lilinipa amani kwa kilomita nyingi: niandike karatasi ya pili. Ile ya Dodoma ilikataza, hii ingeruhusu. Ingesema kila alichosema Mzee Simbeye, kwa Kifaransa safi. Mama angeisoma, angekula, infirmier angeridhika, na hakuna mtu angeumia. Maneno ya kweli chini ya jina la uongo. Kuna ubaya gani?

Tangu tukio la Singida nilikuwa nimeanza kuogopa njaa kama wengine wanavyoogopa nyoka, hivyo ndani ya basi la kutoka Kigali nilimenya yai na kuanza kula. Basi lilikuwa kimya. Nilipotafuna nilisikia sauti ya meno yangu. Watu hawakunitazama, kwa namna ya watu wanaojitahidi sana kutotazama. Nilikuwa nimekaa Tanzania, ambako basi zima hula mahindi na kupitishiana, nikasahau kwamba hapa mtu hali hadharani barabarani. Dada mmoja mwenye koti safi aliinama akaniuliza kwa upole, "Uko mugonjwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo." Sijui kwa nini. Ilikuwa njia fupi. Akanipa leso ya karatasi na akaniombea dua fupi hapo hapo, na ikabidi nimalize yai nikiwa nimeinamisha kichwa kama mgonjwa kweli. Nilipoinua macho niliona nilichokuwa nimefanya tena: swali dogo, uongo mdogo, na mtu mwema anaubeba kwa mikono miwili.

Mvua ilikuwa imeteremsha udongo barabarani kwenye milima ya mwisho, tukasubiri trekta. Tulipofika Gisenyi, mji unaopakana na Goma, mpaka ulikuwa umefungwa. Nilichukua chumba. Nyumbani kwetu, kama mngeweza kuruka kama ndege, ni mwendo wa dakika chache kutoka pale. Niliandika karatasi ya pili, nikaipiga sahihi ileile yenye mkia, nikalala kidogo.

Mpakani

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu, wanawake wenye ndoo za nyanya na magunia ya vitunguu, kila mmoja anamsukuma wa mbele kwa tumbo. Upande wa kwetu afisa mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alifungua pasipoti yangu. Karatasi zote mbili zikaanguka juu ya meza.

Alizikunjua. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akairudia ya kwanza.

"Mademoiselle," akasema, "hii inasema mugonjwa asikule bugali. Hii inasema akule bugali. Munganga moja, signature moja. Mugonjwa atafuata gani?"

Nyuma yangu mwanamke wa nyanya alisema, "Papa, soma mbio, nyanya inaoza!"

"Ngoja mama, ni mambo ya afya." Akanitazama juu ya miwani. "Ni wewe munganga? Sababu miye, docteur, niko na tumbo yenye inawaka kila asubuhi. Nikule nini?"

Nilikuwa na jibu. Hilo ndilo lililonitia baridi. Nilikuwa nimesoma habari ya tumbo pia, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka, na sauti ilikuwa inakuja, ile sauti tulivu ya mtu aliyesomea. Nilimwona mzee wa watu anainama apokee.

"Mimi si munganga, papa," nikasema. "Ni mwalimu wa Kifaransa."

"Na hizi?"

"Niliziandika mwenyewe."

Nilidhani ananipeleka ndani. Kisha akazikunja, moja baada ya nyingine, akazirudisha katika pasipoti.

"Njo maana naona hazina makosa," akasema. "Za banganga, mutu hawezi kuzisoma. Pita, mwalimu. Na tumbo yangu?"

"Nenda kituo cha afya, papa."

"Nikienda, batanikataza pilipili," akasema, na akamwita mama wa nyanya.

Nilivuka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno yale kwa mtu yeyote, na mbingu ilibaki mahali pake. Lakini alikuwa mtu nisiyemjua.

Nyumbani

Pikipiki ilinirusharusha juu ya mawe ya volkano mpaka mlangoni. Aziza alinikumbatia akaninong'oneza, "Asubuhi amekunywa kidonge na mayi tu, hakukula kitu. Infirmier amekuya."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilimwacha mwanamke mpana, anayejaza mlango. Sasa kitenge kilimzunguka mara mbili. Kando yake alikuwa Mama Zawadi, jirani yetu na mwenzake wa sokoni, na kwenye kiti alikuwa Papa Bahati, infirmier, mfuko wa kazi magotini. Katikati ya mkeka walikuwa wameniandalia wali, sambaza, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya, na sombe ya mawese, ndiyo kisamvu, iliyokuwa bado inatoa moshi. Mbele ya mama palikuwa na sahani ndogo yenye vipande vitatu vya tango.

Alinishika uso kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa baridi, na ilikuwa ikitetemeka. Nilikuwa nimekwisha kuuona mtetemo ule.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe, mama."

"Miye niko na régime," akasema, kwa fahari kidogo. "Kula. Umetoka mbali."

"Kula, mutoto," Mama Zawadi akasema. "Lakini kwanza toa ile karatasi, mama yako aache kutusumbua. Hata miye nafuata ule munganga, nataka nisikie."

Nikamtazama. "Na wewe unafuata?"

"Tuko bengi. Mama yako anatutumia sauti zako zote. Miye nimeacha wali siku nyingi, uone vile niko mwepesi. Kichwa tu njo inazunguka."

Papa Bahati alinyosha mkono. "Alors, mwalimu. Tuone."

Ningependa kuwaambia kwamba sikusita. Nilitia mkono katika mkoba, na kidole changu kilijua karatasi ya pili ni ipi, kwa mkunjo wake. Ile nzuri. Ningeitoa, mama angekula ndani ya dakika moja. Na kesho kutwa, Papa Bahati akibadilisha vidonge, mama angeniambia, muulize munganga. Na Mama Zawadi angeniambia, muulize munganga. Ingebidi munganga yule wa kubuni aishi miaka yote iliyowabakia, na mimi nimlishe.

Nikatoa zote mbili, nikaziweka kwenye mkeka.

"Aziza, mpe mama chai. Tia sukari, tafadhali, sasa hivi. Papa Bahati, hakuna munganga. Hakuwako tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyesema yote. Na hizi niliziandika mimi njiani."

Aziza alikuja na kikombe, mama hakukipokea.

"Munganga mukubwa," mama akasema.

"Hayuko, mama."

"Ule mwenye alisema nisikule ku harusi ya Zawadi."

"Ni mimi."

"Nilikaa pale na glasi ya mayi. Batu banakula nyama, banacheza, miye na mayi. Bananiuliza, Mama Salima, uko na kilio? Nasema hapana, niko na munganga." Sauti yake ilipanda, na hizo ndizo kelele mlizosikia. "Nilikataa mukono wa Papa Bahati hapa, mutu mwenye alinibeba sokoni! Nilimwambia, wewe ni infirmier tu, mutoto wangu yuko na munganga! Salima. Ningekufa, ungesema nini? Ungesema munganga njo aliniua?"

Nilikuwa nimefikiria kila jambo kwa siku nne, ila hilo.

"Mama Salima," Papa Bahati akasema polepole, akimshika kifundo cha mkono. "Kunywa ile chai. Kisha ukule. Nguvu ikirudi, utamupiga."

Mama Zawadi alikuwa wa kwanza kucheka, kwa pua, akauma upindo wa kitenge. Mama hakucheka. Alikunywa chai yote bila kushusha kikombe. Kisha akasukuma sahani ya matango mpaka ikagusa goti langu, akanawa, akavuta sombe.

"Wali ngapi?" akamuuliza Papa Bahati. Hakuniuliza mimi.

"Kama ngumi yako. Sombe nyingi, sambaza nyingi. Na asubuhi, kabla ya kidonge, unakula. Kila asubuhi."

"Na bugali?"

"Kama ngumi."

Alikula. Nilimtazama akila mpaka akasema, bila kuinua macho, "Usinitazame kama vile umelipa kiingilio." Nami nikala tango, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele yangu.

Alipomaliza aliinama, akatoa simu yake kutoka kwenye kitenge, akafungua kundi la wanawake wa sokoni. Zilikuwemo sauti zangu, zote, moja chini ya nyingine, na chini ya kila moja mikono ya kushukuru na maua.

"Mama Feza anafuata," akasema. "Na yeye anakunywa kidonge sawa na hiki. Mama Odette anafuata. Ongea."

"Nitaandika, mama. Niandike vizuri, niwaeleze."

"Hapana kuandika. Umekwisha andika ya kutosha. Kwa sauti. Ile sauti yenye ilibadanganya, ibambie."

Aliiweka simu kiganjani mwangu. Nikabonyeza, namba ndogo zikaanza kukimbia, na kwa mara ya kwanza katika safari yote sikusubiri nijue nitasema nini.

"Ba mama, yambo. Ni miye Salima. Nimefika. Ule munganga wa Tanzania hayuko, hakukuwako hata siku moja. Ni miye niliwadanganya. Kama unakunywa vidonge, leo kula kwanza, kisha uende kwa Papa Bahati, akuambie yeye. Munisamehe."

Nikaachia kidole.